Duara la Mwanga Chini ya Gari

Mimi ni mwoga, sikatai. Naogopa radi, naogopa mbwa wasiofungwa, na zaidi ya vyote naogopa kumwona mume wangu akiingia chini ya gari. Yeye ni fundi makanika hapa mtaani kwetu Buyenzi. Gereji yake ni kipande cha barabara mbele ya nyumba yetu: gari linainuliwa kwa jeki, yeye analalia katoni na kujivuta chini mpaka zinabaki nyayo tu nje.

Chini kule ni giza hata saa sita mchana. Umeme ukikatika, na hukatika, mafundi wa mtaa wetu hutumia jua. Mtu anashika kioo cha pembeni kilichong'olewa kwenye gari bovu, anakielekeza juani, na kuutupa mwanga mpaka kwenye bolti inayofunguliwa. Mume wangu huniita mimi, maana wenzake wana kazi zao. Nachuchumaa juani, na duara la mwanga linacheza juu ya vyuma kwa sababu mkono wangu hautulii. Ukitikisa kioo kidogo tu hapa, kule mwanga unaruka. Basi ananitania mbele ya watu, eti ameoa mwanamke anayetetemeka kuliko injini ya dizeli.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku, na asubuhi jua likawaka kali. Gari lenyewe lilikuwa basi dogo la abiria, zito, limetolewa gurudumu moja. Jeki ilikaa juu ya ubao, na ubao juu ya udongo laini. Niliuona ule udongo. Nikamwambia asubiri ukauke, akasema mwenye gari hasubiri, na jua nalo halitasubiri. Akaingia.

Nikatupa mwanga kwenye bolti. Haukukaa.

"Mama watoto, mukono yako inacheza," akasema kutoka chini. "Shika kioo muzuri, mi sioni kitu."

Nikashika kwa mikono miwili. Mwanga ukateleza tena. Akasonya. Niliona aibu, maana jirani yetu muuza vipuri alikuwa anatutazama na kucheka. Basi nikakiegemeza kioo kwenye jiwe, nikakilenga vizuri, nikaiweka mikono yangu magotini. Duara likatua juu ya bolti. Haya, sasa ataacha maneno.

Kisha likaondoka kwenye bolti.

Nikatazama kioo: kimetulia kwenye jiwe. Nikatazama mikono yangu: ipo magotini. Mume wangu alikuwa ameweka spana kando, anajifuta mafuta usoni, wala hakuna alichokuwa anavuta. Mwanga ulikuwa palepale nilipouacha. Bolti ndiyo iliyokuwa inasogea. Gari lote lilikuwa linasogea.

Nilimshika vifundo vya miguu nikamvuta kama gunia la mchele, na yule jirani, sijui aliona nini usoni mwangu, akaruka akashika mguu mmoja. Mume wangu alitoka akinitukana. Alikuwa bado ananitukana jeki ilipolala upande na basi likakaa juu ya katoni yake.

Akalitazama basi. Akanishika mkono pale kwenye matope, mbele ya watu wote, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.

Bado anafanya kazi ileile, tungekula nini. Mimi kioo sikishiki tena. Nakiegemeza kwenye jiwe na kulitazama duara bila kupepesa macho. Lakini jua nalo linatembea, na likitembea linausogeza mwanga polepole, mpaka bolti inabaki gizani. Hapo siwezi kutofautisha jua na gari. Hofu hainipi nafasi. Kila mwanga ukisogea nasema, "Baba watoto, toka mule."

Anajua ni jua tu. Anatoka.