Pamba Niliyojibandika Mwenyewe

Wenzangu wakisimama kushuhudia huanza na wimbo. Mimi pumzi ya wimbo sina tena, kwa hivyo mtanisikiliza nikiwa nimekaa hivi hivi. Na kama kuna mtu amekuja kusikia jinsi Mungu alivyoniinua kwa sababu nilikuwa mtu mwema, huyo aende zake akanywe chai, maana sitasema hivyo. Niliugua korona, nikachungulia kaburi, nikapona. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya habari yangu.

Zamani nilikuwa mtu wa nguvu. Waulizeni watu wa Otonglo. Asubuhi nilikuwa nauza omena, wale dagaa wa ziwani, kando ya barabara, na mchana nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa kujitolea, wanaozunguka boma kwa boma na daftari wakiuliza nani anakohoa, nani amejifungua, nani choo chake kimebomoka. Tena nilikuwa na mdomo. Chanjo ilipofika kwetu, mimi ndiye niliyepewa kipaza sauti. Nyar Uyoma alikuwa akinitania, "Mama Akoth akisema, hata kuku wanapanga laini."

Huyo Nyar Uyoma ndiye mtu ninayetaka mumjue. Jina lake la ubatizo ni Risper, lakini kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kule alikozaliwa, na yeye alitoka Uyoma. Bwana yake ni Odhiambo, mdogo wa mume wangu. Boma letu lilikuwa moja, bomba la maji moja. Kijaluo chetu humwita mtu kama huyo mke mwenza, ingawa kila mmoja ana mume wake. Tuligombana kwa sababu ya kuku na tukapatana kwa sababu ya chumvi. Mambo yote ya karatasi na hospitali aliniachia mimi, kwa sababu nilisoma kumshinda. Nikisema dawa hii ni ya kunywa mara mbili, alikunywa mara mbili bila kuuliza.

Sasa sikieni aibu. Mchana nilikuwa nawatangazia watu chanjo ni salama. Jioni nilikuwa nakaa kwangu naangalia simu, video hizi za kutumiana, zikisema eti chanjo inagandisha damu ya watu wa presha. Na mimi nina presha tangu nimzae Akoth. Sokoni nilimcheka mzee mmoja aliyesema ukichanjwa utaota magamba kama mamba, halafu nikafika nyumbani nikawa najipapasa kifua. Muoga mkubwa kuliko wote kijijini ndiye aliyeshika kipaza sauti.

Siku ya kuchanja, hema lilisimamishwa kando ya soko. Sista, ndivyo tunavyomwita nesi huku, akaniambia, "Mama, wewe kwanza, watu waone."

"Ngoja niwapange watu," nikasema.

Nikapanga watu mpaka jua likaja utosini. Sista alikuwa peke yake na laini imefika barabarani, basi akanipa rejista nimsaidie kuandika majina na kujaza kadi. Shetani msimsingizie, hakuwepo hapo. Nilikuwepo mimi na kalamu. Chini ya jina la mzee mmoja niliandika jina langu. Nikajijazia kadi, nikaigonga muhuri. Sista alipoinama kuchukua sindano nyingine, nikachota pamba kwenye kisahani, nikaibandika begani kwa plasta, nikatoka nje ya hema na mkono wa blauzi umekunjwa.

Nyar Uyoma alikuwa ananisubiri nje. "Imeuma?"

"Kama siafu."

"Siafu tu?"

"Siafu mmoja, tena mdogo."

Akaigusa ile pamba kwa kidole, polepole, eti asinitoneshe. "Basi mimi nitakuangalia wewe kwanza," akasema. "Ukikaa sawa, wakirudi nitachanjwa."

"Wee, muoga sana," nikamwambia. Woi! Nilimwambia hivyo kwa mdomo huu huu.

Kwenye ukuta wa zahanati yetu Sista alikuwa amebandika karatasi kubwa yenye mistari miwili. Mwekundu ulikuwa wa wagonjwa, na wa kijani ulikuwa wa waliochanjwa. Kila wiki aliisogeza mbele kwa kalamu. Wiki ile wa kijani ulipanda vizuri sana, na sisi wahudumu tukasimama mbele yake tukapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi.

Haikuchukua muda tukaenda mazishini upande wa Maseno, kwa mjomba wa mume wangu. Tulikuwa tumeambiwa watu wawe wachache, wavae barakoa, wasikae. Sisi kumzika mtu mbio mbio tunaona ni kumtukana. Tulikumbatiana, tukalia, tukaimba mdomo kwa mdomo, tukala sinia moja. Barakoa yangu ilikuwa kidevuni, mimi mhudumu wa afya.

Kwanza kiliniuma kichwa, halafu mgongo, kama mtu aliyelimishwa shamba la jirani. Siku moja nilikuwa nimesimama jikoni nakaanga omena. Nikasikia Nyar Uyoma anakuja mbio kutoka nyumbani kwake. "Yawa, Mama Akoth, unachoma nyumba?" Nikatazama sufuria. Omena ilikuwa makaa matupu na moshi umejaa mpaka darini, na pua yangu haikuwa imesikia kitu chochote.

Nikajifukiza mwarobaini chini ya blanketi. Nikanywa tangawizi na ndimu mpaka tumbo likakataa, nikaanza kuhara. Mwisho sikuweza kufika chooni bila kupiga magoti njiani mara mbili. Nyar Uyoma alinibeba. Alinifulia nguo zile chafu, akaniosha kama mtoto, na safari hiyo ugonjwa ukampita. Kucha zangu zilipogeuka rangi ya zambarau, Odhiambo alikodi gari wakanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana, amevaa joho la plastiki. Akanibana kidole na kile kidude chao, akatazama namba, akaita watu walete oksijeni. Halafu akauliza, "Mama, umechanjwa?"

Mume wangu akajibu kabla sijafungua mdomo. "Amechanjwa, daktari. Kadi hii hapa. Si yeye ndiye alikuwa anachanjisha watu?"

Daktari akanitazama mimi. "Ni kweli, mama?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Nashangaa," akasema. "Waliochanjwa wengi hawafiki kwangu wakiwa hivi." Akaandika kwenye faili. Mume wangu alirudi nyumbani na hilo neno la kushangaa, na kabla jua halijazama Otonglo yote ilikuwa inajua: Mama Akoth amechanjwa, na bado anakufa.

Wodini walinilaza kifudifudi. Oksijeni ilinikausha pua mpaka ikatoka damu, na mdomo ukawa na ladha ya misumari. Nilivalishwa nepi. Kukohoa kulikuwa kama mtu ananipasua mbavu kwa panga butu. Mama wa kitanda cha pili alifunikwa shuka mchana kweupe nikimwangalia, na kabla ya chakula cha jioni kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Niliogopa sana, sitawadanganya. Nilimwahidi Mungu mambo mengi ambayo mengine sijayatimiza hadi leo.

Siku moja nesi akaniletea simu sikioni. "Ni ndugu yako, ongea kidogo tu."

Alikuwa Nyar Uyoma. "Mama Akoth, pole mama. Uko hai?" Hakungoja jibu. "Sikia. Hawa watu wa sindano wanarudi sokoni kesho. Watu wote hapa wamekataa. Wanasema angalia vile imemfanya Mama Akoth. Mimi nimewaambia nitakuuliza wewe mwenyewe. Nichanjwe ama niache?"

Niliinua ile barakoa ya oksijeni. Pumzi niliyokuwa nayo ilitosha maneno matatu, nikayasema. "Ngoja nitoke, tutaongea."

"Sawa," akasema. "Nakungoja."

Nimeyahesabu hayo maneno mara nyingi kuliko nilivyohesabu watoto wangu. Msije mkanitetea kwamba nilikuwa sina pumzi. "Mimi sikuchanjwa" ni maneno mawili. Ukweli ulikuwa mfupi kuliko uongo, na pumzi ilitosha na kubaki.

Nikaanza kupata nafuu. Namba ya kidole ikapanda. Nikaweza kukaa, nikaweza kula ugali kijiko kimoja, nikaweza kwenda msalani nikishikilia ukuta, nywele zikinitoka mafungu mafungu. Nikimuuliza mume wangu, "Mbona Nyar Uyoma hapigi simu?" alikuwa anasema simu yake imeharibika.

Siku ya kurudi nyumbani walikuja kunipokea kwa nyimbo. Wanawake wa kanisa walikuwa langoni wakipunga leso. Gari lilipoingia bomani, nikaona upande wa kushoto wa nyumba ya Odhiambo udongo mwekundu, mbichi, umerundikwa, na msalaba wa mbao juu yake. Wale wanawake waliendelea kuimba. Mimi niliuliza, "Ni nani?" na nilikuwa nimeshajua.

"Daktari alikataza tukuambie," mume wangu akasema. "Alisema utakosa pumzi."

Nyar Uyoma alikuwa ameugua siku nane tu. Watu wa chanjo walikuja na hema lao wakarudi nalo, yeye hakuenda. Homa ilipomshika alikataa hospitali. Aliaga dunia alfajiri moja kitandani kwake, hakupimwa, akazikwa siku ile ile na watu wachache waliosimama mbali.

Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilificha, na kilio kikaenda kupigwa nyumba ya pili.

Nilipopata nguvu ya kutembea nilikwenda zahanati. Ile karatasi bado ilikuwa ukutani. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda kama ngazi. Wa kijani ulikuwa umelala chali. "Wakubwa walikuja kutoka mjini na magari yao," Sista akaniambia, "wakauliza kwa nini huku kwetu watu wamekuwa wagumu hivi. Tangu uugue hakuna mtu anayekuja." Akanishika mkono. "Jumapili ukishuhudia, waambie kwamba bila chanjo ungekufa. Watakusikia wewe."

Alikuwa hajui anachoniomba. Nikamwambia sawa.

Jumapili hiyo kanisa la kwetu lilijaa. Pasta akasema tumshangilie Bwana kwa ajili ya mama yetu, watu wakashangilia. Nikakaa kwenye kiti mbele, kama nilivyokaa hapa leo. Niliangalia benchi la Odhiambo na watoto wake watatu, nikasema, "Mimi sikuchanjwa. Nilijiandika jina. Ile pamba nilijibandika mwenyewe."

Sikuzomewa. Heri ningezomewa. Mtu mmoja nyuma alisema "Aiii!" Mume wangu aliinama akashika kichwa. Sista, aliyekuwa ameketi na wanakwaya, aliondoka akatoka nje. Halafu Odhiambo akasimama. Ni mtu asiyepaza sauti, na hata siku hiyo hakuipaza.

"Nilitaka kumpeleka hospitali siku ya tatu," akasema. "Akaniambia tungoje Mama Akoth atoke. Akasema mtaongea."

Akawachukua watoto wake wakaenda nyumbani. Sisi tukabaki, na pasta akatafuta wimbo akakosa.

Hema liliporudi sokoni, rejista alipewa mtu mwingine, na hiyo ilikuwa haki. Mimi nilikwenda nikakaa kwenye kiti mbele ya watu wote. Sista alinichoma bila kunisemesha. Nataka mjue kwamba haikufikia hata siafu. Akanibandika pamba. Nilipoinuka, Odhiambo alikuwa amesimama mbele yangu. Hatukuwa tumesemezana tangu kanisani.

"Ondoa pamba," akasema.

Nikaibandua. Aliinama akatazama bega langu kwa karibu, kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe sokoni, mpaka akaona kitundu na tone la damu. Akakunja mkono wa shati lake akakaa kwenye kiti. Baada yake akaja mama wa mboga, naye akasema, "Hebu nami nione." Siku hiyo nilikaa pale jua lote na bega wazi, watu wakinikagua mmoja mmoja.

Nilimwomba Sista afute lile jina langu la kwanza. Akasema hesabu ilishapelekwa kaunti, haifutiki tena. Kwa hivyo kwenye mstari wa kijani mimi nimo mara mbili, na kwenye mwekundu nimo mara moja. Nyar Uyoma hakuchanjwa wala hakupimwa. Niliifuata mistari yote miwili kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na hayumo popote.

Namshukuru yule daktari kijana, ingawa nilimdanganya. Namshukuru Odhiambo, ambaye siku hizi hunisalimia, salamu tu. Mungu namshukuru pia, lakini tuna maneno yetu mimi na yeye. Na ninyi mlio na watu wanaowaangalia ili wajue la kufanya, mtu akikuuliza, mjibu palepale. Usimwambie angoje. Wa kwangu aliningoja.