Kufuli la Kampuni Mlangoni Kwangu

Mtu anayetoa minofu ya samaki iliyogandishwa Dar, akaileta Mwanza kuwauzia watu wa ziwani, mimi sijui alisomea wapi. Lakini ndivyo mkataba ulivyotaka. Nilikuwa nimekodi jina la kampuni moja ya migahawa: jina lao, rangi zao, viungo vyao. Chumba pale stendi ya Buzuruga, moto na jasho vilikuwa vyangu.

Sasa, mteja wa kwetu hamwamini samaki asiye na kichwa. Kwanza anamfunua mashavu aone kama bado ni mekundu, ndipo aseme, haya, nikaangie huyu. Ukimletea kipande cheupe cha mraba anakuuliza kama ni samaki au sabuni. Wateja wakahamia kwa jirani. Nikaanza kununua sato wabichi alfajiri na kuwakaanga wazima, mgahawa ukajaa.

Mkaguzi wao akaja, akaona vichwa kwenye sahani, akashtuka utadhani kaona nyoka. Jioni ile ile wakanifungia mlango kwa kufuli lao. Watoto wangu walikuwa wanasoma kwa mgahawa ule, sikuwa na kingine. Nililia, siwafichi, halafu nikapandwa na hasira.

Nikampigia mwanasheria wao, kijana ambaye hata shikamoo hajui.

"Mama, kasome kifungu cha mwisho. Ulikubali kutoishtaki kampuni kwenye mahakama yoyote. Mkurugenzi akishaamua, imeisha."

Eti imeisha! Mkurugenzi amekuwa Mungu?

Nikaenda mahakamani hivyo hivyo. Kijana akatua na suti yake, akamsomea hakimu kifungu kile kwa madaha. Hakimu, mama mmoja mpole, akamwacha amalize.

"Wakili, sheria ya mikataba ya nchi hii inasemaje kuhusu sharti la kumzuia mtu kabisa asidai haki yake mahakamani?"

"Mheshimiwa, lakini alisaini."

"Sijakuuliza nani alisaini."

Kijana akapekua makaratasi wee, mpaka nikamwonea aibu. "Ni batili, Mheshimiwa."

Loo! Mkataba mnene vile, karatasi za kung'aa, na sheria yenyewe aliisoma chuoni! Hakimu akasema suala la samaki litasikilizwa, ila mgahawa ufunguliwe wakati tunasubiri.

Kijana yule alikuja kufungua mwenyewe. Kufuli likamgomea, watu wa stendi wakamzomea, na mimi sikuwakataza. Lilipofunguka akajifuta jasho, akaniambia, "Una bahati, mama. Sheria imekuonea huruma."

"Huruma gani, mwanangu? Mlinikuta sina kitu, mkanisainisha kwamba hata mkinionea ninyamaze. Sheria imewakatalia hilo tu."