Mwalimu Nyamizi Afeli Kiswahili

Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu Nyamizi alifundisha Kiswahili katika shule za msingi za Tabora, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba hakijui. Walikuwepo waliomwita mkali. Wapo watu wazima, wenye wake na watoto, ambao mpaka leo wakimwona sokoni wanabadili njia. Lakini Kiswahili chake? Mratibu wa elimu mwenyewe alikuwa akimpelekea hotuba azipitie kabla hajasimama nazo mbele za watu.

Alistaafu akiwa na miaka sitini, akajifungia kwenye nyumba yake ya mtaa wa Ng'ambo, na haukupita mwezi akagundua kwamba kustaafu hakukuwa kazi anayoiweza. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wako Dodoma na Mwanza, na kuku hawakosei sarufi. Basi akaanza kusahihisha vibao vya mtaani. Kinyozi aliyeandika "Kalibu" aliamriwa apake rangi upya. Mwanne, muuza vitumbua wa pale kona, alikuta asubuhi moja ile "Vitumbuwa vya moto" yake imekatwa herufi moja kwa kalamu nene nyekundu. Aliacha tu kumpa nyongeza.

Aliyemwokoa, au tuseme aliyewaokoa wenye vibao, ni Koleta, mwalimu mwenzake wa zamani aliyehamia Mwanza kwa mwanawe.

"Watu siku hizi wanafundisha Kiswahili kwa kompyuta, mwenzangu," Koleta alimwambia kwenye simu. "Mwanafunzi yuko Uarabuni, yuko Ulaya, wewe umekaa hapo hapo. Halafu wewe, mwalimu mzima, unagombana na vinyozi!"

Kesho yake Mwalimu Nyamizi alivaa gauni lake la ukaguzi, lile la bluu, akaenda mjini kwa Mitesh.

Mitesh alikuwa na duka la vifaa vya ofisi alilorithi kwa baba yake, na huko nyuma, kando ya kabati la mafaili, palikuwa na kompyuta mbili za kuchapia barua za watu. Umri wake ulikuwa umepita arobaini, kipara kimeanza, lakini alipomwona Mwalimu mlangoni alisimama wima. Alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tano. Mwaka mzima alikuwa akisema "kitabu yangu", na mwaka mzima Mwalimu alikuwa akimrekebisha, na mwisho wa mwaka alikuwa bado anasema "kitabu yangu".

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nataka kufundisha kwa kompyuta. Nionyeshe."

Mitesh alimwonyesha. Ilichukua wiki mbili. Mwalimu alijifunza kushika kipanya, ambacho siku ya kwanza alikibana kana kwamba kingekimbia. Alijifunza kufungua barua pepe. Penye nywila walikwama asubuhi nzima.

"Inataka herufi kubwa, Mwalimu, na namba, na alama."

"Alama gani?"

"Yoyote. Weka hata ya mshangao."

"Kwani nashangaa nini?"

Hatimaye aliweka kiulizo, kwa kuwa maswali alikuwa nayo. Wakajiandikisha kwenye jukwaa moja la kufundishia lugha mtandaoni, ambalo Koleta alikuwa amelitaja. Jukwaa likafurahi sana kumpata, likasema hivyo kwa maandishi makubwa, kisha likasema limebaki jambo dogo tu: mtihani wa kupima kama Mwalimu anajua Kiswahili.

Mwalimu Nyamizi alicheka. Akavua saa ya mkononi, akaiweka mezani kama alivyokuwa akifanya kwenye mitihani ya taifa, akaanza.

Swali la kwanza lilikuwa na picha ya jua linachomoza na saa ya ukutani imesimama kwenye saba. Ni saa ngapi? Mwalimu alichagua "saa moja asubuhi". Ikatokea rangi nyekundu. Jibu sahihi, ikasema mashine, ni "saa saba". Swali la pili lilikuwa na picha ya bibi kizee na kijana, na kijana alipewa salamu nne za kuchagua: hujambo, mambo, habari, vipi. Shikamoo haikuwemo. Mwalimu aliacha wazi, kwa sababu hakutaka kushiriki katika utovu wa adabu. Ilipofika sehemu ya kusoma kwa sauti alisimama, akasoma kwa ile sauti iliyokuwa ikifika mpaka uwanjani, na mashine ikaandika kwamba haikumwelewa, tafadhali azungumze Kiswahili.

Matokeo yalitoka pale pale. Asilimia arobaini na sita. "Kiwango chako: Anayeanza. Usikate tamaa! Kiswahili ni lugha rahisi. Jaribu tena baada ya siku thelathini."

Mwalimu Nyamizi aliisoma asilimia ile mara mbili, kisha akavaa saa yake. Dukani kuliingia mteja akataka bahasha, akapewa, akaondoka. Bado alikuwa anaitazama ile asilimia.

"Mashine mbovu hii," alisema Mitesh, ambaye hakuwahi kumwona hivyo. "Ngoja, Mwalimu. Nitafanya mimi, uone nitakavyopata sifuri."

Akajiandikisha kwa jina lake, akafanya akiwa anatafuna karanga. Katikati alinyanyuka mara mbili kutoa fotokopi. Alipata asilimia tisini na tatu, na jukwaa likampa nishani ya rangi ya dhahabu iliyoandikwa "Mzungumzaji Asilia".

"Mitesh," alisema Mwalimu polepole, "hapa kwenye jua umejibu saa saba."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Jua linachomoza!"

"Nimeliona. Lakini mimi sikujibu jua, nilimjibu mteja. Miaka ishirini niko kwenye duka yangu hii. Mteja akiita karatasi ya bluu nyeupe, mimi nampa ile anayoionyesha kwa kidole."

"Duka langu," alisema Mwalimu, kwa mazoea tu, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Siku ya tatu baada ya mtihani, Mitesh akapata mwanafunzi bila kutafuta. Alikuwa Sheima, daktari wa meno huko Maskati, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Mitesh aliingiwa na hofu. Kufundisha hajui, na sarufi, kama ijulikanavyo, ilimshinda tangu darasa la tano. Alimpigia Mwalimu simu. Mwalimu akakataa. Mitesh akambembeleza. Mwalimu akasema yeye ni Anayeanza, hana la kumsaidia mzungumzaji asilia. Lakini jioni ya somo, saa kumi kasoro, alikuwa ameshaketi nyuma ya kabati la mafaili, mahali ambapo kamera haimwoni, na bunda la karatasi mapajani.

Wakaenda hivyo majuma matatu. Mitesh alikuwa akitabasamu mbele ya kamera, Mwalimu akiandika majibu kwa herufi kubwa na kuyainua juu ya kabati. Masomo yenyewe yalipangwa na jukwaa, nayo yalikuwa ya watalii. Sheima alijifunza kuuliza simba yuko wapi. Alijifunza kuomba chumba chenye chandarua. Alikuwa mwanafunzi mzuri, anarudia kila neno mara tatu, na hakueleza kwa nini anajifunza mpaka siku Mitesh alipomuuliza ni lini anakuja kuwaona hao simba.

Sheima alisema haji kuona simba. Akaeleza kwa Kiswahili kidogo na Kiingereza kingi. Bibi yake, Bi Thuraya, alizaliwa Tabora, babu zake walikuwa wafanyabiashara pale, na familia iliondoka yeye akiwa ameshakuwa na watoto wawili. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Alipoamka, Kiarabu chote alichokizungumza kwa miaka hamsini kilikuwa kimefutika, kikabaki Kiswahili peke yake. Mwanawe alikuwa amesahau, na mkwewe hakuwahi kukijua. Nyumba nzima hakuna aliyemwelewa.

Mwalimu Nyamizi, nyuma ya kabati, aliacha kuandika.

"Lakini moja naelewa," Sheima aliendelea, uso umemng'aa. "Kila siku Bibi anasema maziwa. Mimi natafuta kwenye simu: maziwa. Kila siku naleta maziwa! Asubuhi, jioni. Yeye anasukuma. Naweka sukari. Naweka iliki."

"Vizuri sana!" alisema Mitesh, akabonyeza kitufe cha kumpa nyota.

"Anasemaje hasa?" Mitesh aliuliza, kwa kuwa nyota ilikuwa imechelewa kutokea na ilibidi aseme kitu.

"Anasema: sitaki maziwa. Kila siku. Sitaki maziwa, sitaki maziwa."

Kabati la mafaili likatikisika.

"Hataki!" ilisikika sauti iliyokuwa ikifika mpaka uwanjani. "Hataki maziwa, mwanangu! Ana miaka miwili anawaambieni hataki!"

Mwalimu Nyamizi alikuwa amesimama mbele ya kamera, karatasi zimemwagika chini, kalamu nyekundu mkononi. Mitesh alisogea pembeni na kiti chake kama anayepisha gari. Pale pale Mwalimu alifundisha ukanushi, nafsi zote, umoja na wingi, bila kumtaja simba hata mmoja. Sheima alisikiliza, mkono mdomoni. Halafu akanyanyuka bila kuaga, akatoka kwenye picha. Aliporudi alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu, na kwenye kiti ameketi mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho makali na mtandio mweupe.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mwalimu Nyamizi.

Bi Thuraya alisogeza uso karibu na kioo. "Marahaba, mwanangu," alisema. "Mwangaluka."

Ilikuwa saa kumi na nusu jioni, na mwangaluka ni salamu ya asubuhi, kila Mnyamwezi anajua. Mwalimu alifungua kinywa asahihishe. Kisha akakifunga.

"Mwangaluka, Bibi," akajibu.

Bi Thuraya akaanza kulia, na kulia hakukumzuia kuongea. Aliuliza habari za treni ya Kigoma, kama bado inachelewa. Akauliza kama asali ya Usinge bado ni nyeusi. Mwalimu alizaliwa Usinge, na baba yake alikuwa mrina asali, kwa hiyo akajibu kwa utaratibu, akianza na aina za nyuki, kisha majira ya kurina, kwa sentensi zilizokamilika na kila kitenzi mahali pake.

Bi Thuraya alimsikiliza, akapangusa macho.

"Mwanangu," alisema, "mbona unaongea kama taarifa ya habari?"

Mitesh alikohoa, akatoka kwenda kuangalia kama kuna mteja. Hakukuwa na mteja. Alirudi macho mekundu, anajifuta kwa leso.

Jukwaa halikufurahi. Asubuhi iliyofuata barua ilikuwa imeingia, ikisema kwamba katika somo la jana mitambo imenasa sauti ngeni isiyo ya mzungumzaji asilia, na kwamba kwa kulinda ubora wa Kiswahili akaunti ya Mwalimu Mitesh imefungwa. Nishani haikuchukuliwa, kwa kuwa alishaichapa kwa rangi na kuitia kwenye fremu juu ya droo ya pesa. Watu wakaanza kuja kumwomba awaandikie barua rasmi. Yeye alikuwa akiwaelekeza nyuma ya kabati, kwa Mwalimu.

Siku thelathini zilipotimia, mashine ilimkumbusha Mwalimu Nyamizi kwamba anaruhusiwa kujaribu tena. Alikuwa ameshajua wanachokitaka. Mitesh alikuwa ameshamweleza jinsi ya kumjibu mteja. Akakaa mbele ya kompyuta, akaweka nywila yake yenye kiulizo, likaja jua linachomoza. Aliliangalia. Kisha akafunga ukurasa, akapiga simu ya video Maskati, kwa namba ambayo Sheima alishampa, kwa sababu Bi Thuraya hapendi kungojeshwa.

Hapo hakuna mtihani, na kwa kweli mtu angepata taabu kusema nani anamfundisha nani. Sheima ndiye mwanafunzi, lakini nusu ya muda Bi Thuraya huuchukua yeye, akisimulia ya Tabora yake na kumzuia Mwalimu kila anapoanza kunyoosha sentensi zake. "Sema kama mtu," humwambia. Mwalimu anajitahidi. Juzi Mwanne alimsikia akisema "mi' nakuja" akadhani anaumwa, akampa vitumbua viwili vya bure.

Jumatatu iliyopita Sheima alichelewa kidogo kuingia kwenye simu. Alipotokea alikuwa amevimba macho, na Mwalimu hakungoja salamu.

"Kuna nini? Bibi mzima?"

"Mzima, Mwalimu. Amenigombeza."

"Amekugombeza?"

"Sana! Amesema mimi ni mvivu, nimechoma mandazi, na nguo yangu fupi, na umri unakwenda na sijaolewa. Amesema niko kama shangazi yangu." Sheima alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Mwalimu, nimeelewa yote. Kila neno. Halafu nimemjibu!"

"Umemjibuje?"

"Nimesema: sijachoma mandazi, jiko ndilo limechoma."

Mwalimu Nyamizi aliipitia sentensi ile kichwani, mwanzo mpaka mwisho, akitafuta kosa. Upande wa pili, mbali kidogo na simu, Bi Thuraya alisikika akilaani jiko.