Ngozi Aliyoianika Mbuke

Mama mkwe wangu, Mbuke, alikuja Ubaruku kutoka Usukuma mwaka 1972, akiswaga ng'ombe pamoja na wanaume. Kila mjukuu aliyezaliwa alimtengenezea ngozi ya kulalia. Aliiwamba kwa vigingi, akaigeuza juani mpaka ikawa ngumu kama ubao, kisha akaisugua kwa siagi hadi ikalainika.

Antoni wangu alipofikisha wiki tatu, ng'ombe mmoja alianguka malishoni akafa ghafla, damu ikimtoka puani. Mama akamchuna upesi.

"Jua la wiki mbili, mkamwana," aliniambia. "Hakuna ugonjwa utakaobaki humu."

Siku ya kumi na moja akaja Jailos, bwana mifugo, aliyesikia ng'ombe yule alivyokufa. Alipoiona ngozi akasimama mbali.

"Mama, huyo kafa kwa kimeta. Una kidonda mikononi?"

"Kidonda utanitia wewe, unayeingia kwa watu bila salamu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, sema."

Akasema vijidudu vya kimeta hujifungia kwenye ganda. Miale ya jua huua vilivyo juu tu. Vilivyojificha chini ya manyoya na damu iliyokauka hukaa miaka mingi. Vikiingia mwilini, vinaamka.

"Mtoto akiwa na mkwaruzo mdogo tu, vimepata mlango."

Nilimbana Antoni kifuani. Mama alikwenda kwenye mkeka wa mpunga wa mbegu, akachota konzi moja, akaitazama.

"Huu nimeuanika jua hilihili," alisema taratibu. "Na nikiumwagia maji, utaota."

"Ndivyo hivyo, mama."

"Sasa mbona hukuanzia hapo? Unaniletea miale, miale!"

Jailos akacheka. Waliivuta ngozi kwa fito, wakaichoma shimoni pamoja na vigingi vyake. Mimi nilikatazwa kusogea. Mama alinawa kwa sabuni mara tatu, akaagizwa akiona kipele cheusi au homa akimbilie zahanati. Hakuona chochote, namshukuru Mungu.

Jioni ile aliingia kwangu na ngozi yake mwenyewe, aliyoilalia tangu Usukuma, akaitandika.

"Na wewe utalala wapi, mama?"

"Mkekani. Mgongo wangu hauchagui."

Antoni alijinyoosha juu yake, akapiga miayo. Mama alichuchumaa pale, akimpepea nzi kwa ncha ya khanga, mpaka mtoto akalala.