Saini ya Mama kwenye Fomu ya Kujitoa

Siku yangu ya kwanza katika chuo cha uhandisi pale Al Khuwair, huku Uarabuni, Msajili, mwenye daftari la wanafunzi tangu kuingia mpaka kuhitimu, alinionesha dirisha la kioo, kiti na muhuri.

“Bi Zuwena, mwanafunzi akitaka kuacha masomo, mpe fomu ya kujitoa. Akishajaza, piga muhuri, tia kwenye faili. Usimuulize kitu.”

Miaka minne nikapiga muhuri. Karibu wote walikuwa wa mwaka wa pili, hesabu zinapoanza kuwa nzito. Mpaka akaja Nasra, wa uhandisi wa mitambo, macho mekundu.

“Mama anajua?” nikamuuliza.

“Hajui, khala,” akasema, akiniita mama mdogo kwa heshima. “ Keshawaambia majirani wote mimi mhandisi.”

Sijui kilichonipata. Nikamrudishia fomu yake. “Haipokelewi bila ya saini ya mama.”

Sheria hiyo haikuwako. Niliitunga palepale, uso mkavu. Nasra akaikunja fomu, akarudi darasani.

Tangu siku hiyo nikawa namwambia hivyo kila anayekuja. Wavulana wenye ndevu zao wakisikia “saini ya mama” hugeuka kama waliosahau kitu kwenye gari. Kabla hawajafika mlangoni mimi huwauliza somo lililowashinda, nikawapeleka karakana kwa Fundi Otieno, Mkenya aliyekuwa na subira kuliko maprofesa. Nasra naye nilimwita nimpeleke, lakini yeye peke yake aliona haya kwenda.

Muhula ukaisha bila ya fomu hata moja. Msajili akaja mwenyewe.

“Bi Zuwena, dirisha hili linafunguliwa?”

“Kila siku, bwana.”

Sijamaliza kujibu, akaingia mama mmoja na mkoba wake, Nasra nyuma yake. Alikuwa amefeli tena, akaona bora amwambie mamake.

“Nimeambiwa nije kutia saini,” akasema yule mama.

“Saini ya mama?” Msajili akanitazama. “Sheria gani hiyo?”

Nikainama kuutazama muhuri. Nilikuwa nna watoto watatu skuli, na kazi naiona inaondoka.

Mama akamgeukia Msajili. “Kwani ilikuwa haipo? Mwanangu angeacha chuo, mimi niko nyumbani nampikia, bila ya mtu kunambia?”

Mtu aliyekuwa akitisha idara nzima akakosa pa kuweka mikono. “Ipo, mama. Ipo. Ndiyo kwanza tunaiandika vizuri.”

Na kweli, wiki ya pili ikaandikwa.

“Kitu gani kimekushinda?” mama akamuuliza bintiye.

“Hesabu za pampu.”

“Pampu tu?”

Tukashuka karakana sote. Otieno akaifungua pampu mezani. “Hii kitu haiumi, madam. Shika.” Akampa Nasra ndoo na saa, apime maji yanayotoka kwa dakika, kisha ndipo aandike hesabu. Nasra alichelewa muhula mmoja, lakini alihitimu.

Si kila mmoja nilimzuia. Kijana mmoja alileta saini ya mama, ya baba, na ya bibi yake, akasomee upishi. Huyo nilimpigia muhuri kwa moyo mweupe.

Sasa nimestaafu. Nasikia siku hizi mwanafunzi hujitoa kwa simu, anabonyeza kitufe mara mbili basi. Nikaenda kwa msajili mpya, nikamwomba aweke swali moja kabla ya kile kitufe: somo gani limekushinda? Akasema atalifikisha kwa wahusika.

Nnampigia simu kila Jumapili, siku wiki ya kazi inapoanza huku, saa mbili asubuhi, kabla hajanywa kahawa.