Boriti Iliyofika kwa Mama Salome

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimeshika mtalimbo ndani ya duka la zamani katikati ya mji wetu wa Morogoro. Nyumba za mtaa ule zilikuwa za udongo na chokaa, zimeshikana, kila moja na baraza lake. Tajiri aliyelinunua duka alitaka kuuza redio, akaniagiza nivunje ukuta wa ndani apate ukumbi mpana.

Fundi aliyenifunza kazi, Mzee Kobelo wa Bigwa, alikuja kuutazama. Akaupapasa ukuta, akainua macho darini.

"Umeingia nyumba ya pili?" akaniuliza.

"Hapana, mzee. Hatukupewa kazi kule."

"Basi usiguse. Ukuta huu umebeba boriti, na boriti inaendelea mpaka kwa Mama Salome. Nakwenda kuleta mirunda tuegemeze pande zote mbili."

Akaondoka. Tajiri akaanza kutazama saa, akasema wazee wanaogopa hata vumbi. Nami, mwanangu, nilitaka aniite fundi. Nikapiga.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. Kwa upande wa pili nilisikia cherehani ya Mama Salome ikikimbia kama kila siku. La tatu, boriti ikalia. Ukuta ukashuka, na cherehani ikanyamaza.

Nilikimbia nje. Barazani kwake palikuwa vumbi tupu. Niliita, hakuitika. Mimi na majirani tukachakura mabati na udongo kwa mikono, na muda wote ule nilikuwa nikimsihi Mungu nisikie hata akikohoa. Tulimkuta chini ya meza ya kukatia vitambaa, yu hai, mguu umevunjika.

Mzee Kobelo alirudi na mirunda yake kwenye mkokoteni. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Ulimsikiliza mwenye duka. Na huyu je?"

Mama Salome alirudi kwao Kinole, hakushona tena mtaani pale. Nilipokwenda kumwomba radhi alinipokea vizuri, akanifungia ndizi za kubeba. Kisha akauliza kama cherehani yake ilipatikana. Haikupatikana. Ndizi zile sikuweza kuzila.

Sasa nasikia umepewa kazi ya kubomoa ile nyumba ya pili kutoka kona, paje ghorofa. Sikukatazi, mji unakua na nyinyi mnahitaji kazi. Lakini nimepita pale mara tatu wiki hii. Juu ya mlango wa jirani pana ufa, na akina mama wanaoshusha mboga kutoka mlimani bado wanakaa chini yake. Moyo wangu hautulii.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla hujainua nyundo, nenda upande wa pili ubishe hodi. Tazama boriti inaishia wapi. Uliza nani anafanya kazi pale, nani amelala mgonjwa chumba cha nyuma. Wape nafasi ya kutoka na vitu vyao. Anayekulipa akikuharakisha, mwambie asubiri. Akikataa, iache kazi hiyo, utapata nyingine.

Mungu ailinde mikono yako, mwanangu, awalinde na walio chini ya paa unalolifungua, na kila jioni akurudishe nyumbani ukiwa huna mtu wa kumwomba msamaha.