Rula na Ritifaa

Karani wa orodha katika kituo cha afya aliitwa Rula, na kama aliwahi kuwa na jina jingine, basi lilikuwa limelala kwenye faili lake la ajira na hakuna aliyehangaika kuliamsha. Rula yenyewe ilikuwa ya plastiki ya njano, sentimita thelathini, ingawa tatu za mwanzo zilishafutika kwa kushikwashikwa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hii: kuweka orodha mbili mezani ubavu kwa ubavu, moja ya waliojiandikisha kituoni na nyingine ya waliopimwa hospitali wakaonekana wanafaa kutibiwa, kisha kuteremsha rula mstari kwa mstari. Aliyekuwa kwenye orodha zote mbili aliitwa. Aliyekuwa kwenye moja tu alirudi nyumbani.

Ni kazi ambayo mtoto wa darasa la pili angeiweza, mradi awe na subira ya marehemu. Rula lakini aliifanya kama mtu aliyekabidhiwa funguo za mbinguni. Ndugu wa wagonjwa walipokuja dirishani kulia kwamba jina la mtu wao halimo, aliwatazama juu ya miwani na kuwajibu maneno mawili tu.

"Orodha haikosei."

Halafu alifunga dirisha, taratibu, kwa sababu hakuwa mtu wa fujo.

Ukali wake ulifika hadi kwenye nukta. Aliwahi kumrudishia Mkuu wa Kituo barua yake mwenyewe kwa sababu ya nafasi iliyokaa kabla ya koma. Lakini hakuna kilichomkera kuliko ritifaa iliyoandikwa vibaya, ile alama ndogo inayokaa juu katika neno kama ng'ombe. Watu wengi huigonga kwenye kompyuta ikasimama wima kama kijiti. Rula aliitaka ipinde mkia kama koma iliyopanda juu, na aliipanga kompyuta yake iipinde kila mara. Alifundishwa hivyo na mama yake, mwalimu mstaafu, ambaye enzi zake alikuwa akifuta ubao mzima kwa sababu ya ritifaa moja isiyo na adabu.

Mama huyo sasa alikuwa na watoto wawili: Rula na mtoto wa jicho. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa naye karibu zaidi. Jicho la kushoto lilikwisha kabisa, la kulia lilibaki na ukungu. Kwa miaka miwili hakusoma hata bei ya sabuni. Aliwatambua wajukuu kwa kikohozi, na Rula alimsomea gazeti kila jioni akirukaruka mistari, akidhani haonekani.

"Umeruka," mama alisema.

"Sijaruka, mama."

"Waziri amekwenda kufungua daraja, mara anakata keki. Daraja limefunguliwa na nani?"

Mwaka uliopita walikuja madaktari bingwa wa macho kwa siku tatu, na mama alikuwa zamu ya pili, lakini presha ilipanda asubuhi hiyo hiyo akarudishwa. Mwaka huu daktari wa hospitali alimpima na kusema wazi: anafaa, ila jicho la kulia likikaa hivyo mwaka mwingine tena, asitafutwe mtu wa kulaumiwa. Madaktari bingwa walikuwa wanarudi Ijumaa. Orodha ilitakiwa kubandikwa Alhamisi asubuhi.

Jumatano Mkuu wa Kituo aliingia na Mtaalamu wa kompyuta. Alikuwa dada wa miaka kama thelathini, raba nyeupe miguuni, kompyuta kwapani.

"Shikamoo, mzee," alisema Mtaalamu.

Rula alikuwa na miaka arobaini na minane. "Marahaba," alijibu, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

Mkuu alieleza kwa furaha kubwa kwamba dunia imebadilika. Orodha ya kituo ni faili, orodha ya hospitali ni faili, na Mtaalamu ameandika skripti, yaani mistari michache ya maagizo, inayoiambia kompyuta ichukue kila mstari wa faili la kwanza ikautafute kwenye faili la pili. Ukifanana, mtu anaitwa. Usipofanana, hakuna. Mtaalamu alibonyeza mara moja. Rula hakuwahi hata kukaa vizuri kwenye kiti.

"Waliojiandikisha mia mbili arobaini," Mtaalamu alisoma. "Waliolingana mia moja sabini na moja. Wasiolingana sitini na tisa."

Mkuu alipiga makofi kana kwamba amezaa. "Sekunde mbili! Mzee wetu hapa huchukua siku nne. Sasa mzee wetu atapumzika."

Mzee wetu hakupumzika. Aliomba karatasi ya waliolingana, akaweka rula juu yake, akaiteremsha hadi chini, akairudisha juu, akaiteremsha tena. Mama hakuwemo.

"Mkuu," alisema, "kuna mtu hayumo na anatakiwa awemo."

"Nani?"

"Mama yangu."

Mkuu alimtazama kwa huruma, ile huruma ya bosi inayoumiza kuliko tusi. "Rula, kila mtu ana mama. Orodha haikosei. Si wewe uliyetufundisha?"

Mtu akirudishiwa maneno yake mwenyewe yakiwa bado ya moto, hana pa kuyaweka. Rula alitoka akasimama kwenye korido, upande ule ambao kwa miaka kumi na tisa walisimama wale wengine, na kwa mara ya kwanza akaliona dirisha lake lilivyo likiwa limefungwa. Ni dirisha baya sana. Aliona haya hadi masikio yakamchoma.

Saa ya chakula wenzake wote walipotoka, alichapisha mafaili yote mawili akayaweka mezani ubavu kwa ubavu. Safari hii hakutafuta wanaofanana. Alitafuta wale sitini na tisa waliokataliwa, mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwapo kwenye orodha zote mbili, jina lile lile, mwaka ule ule, mtaa ule ule. Wa pili vile vile. Kufika wa kumi na mbili akaanza kuitukana kompyuta kwa heshima. Kufika wa thelathini akanyamaza, maana aliona kitu: wote walikuwa wanakaa mtaa mmoja, mtaa wake mwenyewe, nyumba zile za upande wa pili wa njia ya treni ambazo watu huziita Ng'ambo ya Reli. Mashine ilikuwa imefuta mtaa mzima, na treni haikuhusika.

Alisogeza rula hadi chini ya neno Ng'ambo, kushoto na kulia, akavua miwani, akainama hadi pua ikagusa karatasi. Kwenye orodha ya hospitali ritifaa ilisimama kama kijiti. Kwenye orodha ya kituo ilikuwa imepinda mkia, nzuri, yenye adabu, kazi ya mikono yake.

Rula alikaa chini. Angeweza kunyamaza kuhusu nani aliyeipinda. Angeweza kusema skripti ni mbovu, na Mkuu, ambaye hakujua ritifaa ni mdudu au dawa, angekubali. Alichukua karatasi zake na rula akaenda kwa Mtaalamu, akamwonyesha, akasema, "Hii nimeipinda mimi. Kwa kiburi."

Mtaalamu alitazama, akatazama tena, akashika kichwa. "Mzee wangu! Kwa kompyuta hizi ni herufi mbili tofauti, kama a na b. Nilitakiwa kuzisawazisha kabla ya kulinganisha. Na wewe umekaona hako kadude kwa macho?"

"Kwa rula," alisema Rula, akajisikia mrefu kidogo.

Mtaalamu aliongeza mstari mmoja kwenye skripti, kwamba kila ritifaa iliyopinda inyooshwe kwanza, halafu akabonyeza. Waliolingana mia mbili thelathini na watano. Waliobaki watano. Wanne kati yao hawakwenda kupimwa kwa hiari yao. Wa tano, bila shaka msomaji ameshamjua.

"Huyu," Mtaalamu alisema, "hospitali wameandika jina lake tu. Wewe mbele ya jina umeweka neno Mama."

"Ni mama yangu."

"Naelewa, lakini kwenye orodha..."

"Ulitaka nimwandike mama yangu jina kavu kavu, kama mtoro wa shule?"

Mtaalamu hakucheka, na Rula alimpenda kwa hilo. Alimsogezea kompyuta. "Hapo siwezi kuiamuru skripti. Kuna watu wengine jina lao ndivyo linavyoanza. Futa mwenyewe."

Herufi nne na nafasi moja. Alizifuta kwa kidole kimoja, kutoka mwisho kurudi mwanzo, akihisi kama anamvua mama yake kilemba mbele ya wageni. Mtaalamu akabonyeza. Mia mbili thelathini na sita. Alhamisi asubuhi Rula aliibandika orodha ukutani kwa mkono wake, na dirisha akaliacha wazi. Ndugu wa kwanza kuuliza alijibiwa, "Subiri nitazame," na inasemekana alishtuka akadhani amekosea kituo.

Jumamosi, siku moja baada ya upasuaji, walimfungua mama bandeji. Alimkagua mwanawe kuanzia nywele kushuka, akasema tu, "Umenenepa." Kisha akaomba miwani yake, akasimama, akaenda mwenyewe ukutani penye orodha bila kushikwa mkono. Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza akateremka nacho polepole, hadi akafika kwake.

"Nani kaniandika hivi?"

"Mimi, mama."

"Neno Mama umelipeleka wapi?"

"Nimelifuta. Mashine haikukujua."

Mama aliguna, akasogeza uso karibu na karatasi, kidole kikapita jina, kikapita mwaka, kikafika kwenye mtaa. Hapo kikasimama.

"Na hii ritifaa," alisema, "mbona haikupinda?"

Rula alitaka kumweleza habari za mafaili na skripti, akaacha. Alimpa rula aishike, akageukia ukuta, akalia.